Babu wa Zambarau

Kwa mwaka mzima na ushee, roboti la mume wangu lilikuwa la rangi ya zambarau na yeye hakujua. Alidhani ni la kijivu. Alilipaka mwenyewe, kwa brashi nyembamba, ameuma ulimi kama anavyofanya akiwa kazini, kisha akaniletea jikoni nilione. "Kijivu kimekubali safari hii," akasema. Nikalitazama lile dude, nikamtazama yeye, nikasema kimekubali kweli. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mume wangu ni fundi wa meno bandia. Hang'oi wala hazibi, hiyo ni kazi ya madaktari. Wao humletea mataya ya watu yaliyonakiliwa kwenye plasta, naye anatengeneza meno ya kukaa juu yake. Karakana yake ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Ukiingia unakuta meno yanakuchekea kila upande, rafuni, dirishani, ndani ya vikombe. Wageni hushtuka. Mimi nilishazoea kuchekwa.

Na vifaa vya mchezo wake vimejaa humo humo. Ni vita vya mezani vya maroboti makubwa. Sanamu zenyewe hazizidi kidole gumba, lakini kila moja unatakiwa uichukulie kuwa ni dude la chuma refu kama ghorofa, na ndani yake kuna mtu analiendesha. Ubao umechorwa vijumba vya pembe sita. Unasogeza, unalenga, unarusha dadu mbili. Milima wanaitengeneza wenyewe, yeye na mpinzani wake, kwa plasta iliyobaki. Ukikitazama vizuri kile kilima cha katikati, ni taya la juu la mtu, na mwenyewe mpaka leo tunasalimiana naye barabarani.

Mpinzani wake ni mmoja tangu ujana, Dobi. Ana duka la kufua na kupiga pasi mtaa wa pili. Sanduku la kwanza walilinunua pamoja kwenye meza ya mitumba, limebonyea, na kitabu cha kanuni hakina kurasa za mwisho. Kanuni zilizokosekana wakazitunga wenyewe kwa kubishana. Miaka mingi baadaye wakapata kitabu kizima, wakakisoma chote, wakakubaliana kwamba waliokiandika walikosea.

Mimi nilikuwa nawangoja waache. Wazee wazima, watoto wameshaondoka nyumbani, nyinyi bado mnagombania midoli? Hawakuacha. Redio ya kaseti ilikuja ikaondoka, michezo ya kwenye simu ikaja, na wao Jumamosi alasiri wako kwenye meza yangu ya kulia chakula wanashindana kuhusu nani anamwona nani nyuma ya kilima. Nikanyamaza, maana nilikuwa napoteza mate yangu bure.

Sasa kuhusu jicho. Jicho la kushoto la mume wangu lilikufa zamani, kipande cha jiwe la kusagia kiliruka kikalipasua akiwa bado anajifunza kazi. Akabaki na la kulia, na hilo moja ndilo lililotulisha sisi wote. Basi likaingiwa na mtoto wa jicho. Lilianza na ukungu wa asubuhi, ukungu ukawa wa mchana kutwa. Daktari alitueleza kwamba wake ulikuwa wa rangi ya kahawia, sawa na kutazama dunia kupitia glasi ya chai isiyo na maziwa. Buluu na zambarau zinapotea, mtu anaona kijivu.

Tulijua mambo yameharibika siku ajuza mmoja aliporudi na seti yake mpya ameifunga kwenye leso. Meno ya mbele yalikuwa na rangi tatu. "Mwanangu," akamwambia kwa upole, "mimi niliomba meno, sikuomba mahindi." Mimi nilicheka kwa siri. Mume wangu hakucheka. Kuanzia hapo akawa hapokei tena kazi ya meno ya mbele, anafanya magego tu na kuunga yaliyovunjika, kwa kupapasa.

Daktari wa macho, dada mmoja mdogo mwenye sauti ya taratibu, alimwambia upasuaji hauchukui muda na wengi wanapona.

"Hao wengi wana macho mawili," mume wangu akamjibu. "Moja likiharibika wanarudi nyumbani na lingine. Mimi hili likiharibika narudi na nini?"

Mimi, mwenye mdomo unaojulikana mtaa mzima, nikaokota mkoba wangu. Tukarudi nyumbani, akagoma. Watoto wakapiga simu, wakabembeleza, wakakasirika. Haambiliki. Kila asubuhi nilikuwa namwona anasimama dirishani anapima kama anaiona bado nguzo ya umeme, na roho yangu ilikuwa juu mpaka ageuke.

Kazi yangu mimi ni kupokea simu kwenye kampuni ya maji. Mtu ananipigia bomba limepasuka, ananiambia ni pale pale kwa fundi viatu, ukipita geti jekundu, na mimi sharti nilione hilo bomba kichwani ili nimwelekeze fundi wetu. Kwa hiyo Jumamosi moja nilipomkuta mume wangu anapapasa ubao kwa vidole, anaangusha hiki na kile, na Dobi amekaa anatazama dari ili asitazame, nikavuta kiti.

"Toa mikono," nikasema. "Nitakusomea mimi."

Ndivyo nilivyoingia vitani, nikiwa na aproni. Nilisoma ubao kama ninavyosoma barabara. Pasi, hilo ni roboti la Dobi, yuko vijumba vinne kutoka kilimani, uso amekugeuzia wewe, mkono wa kulia hana. Mume wangu anafikiri, ananiambia roboti lake lisogee wapi, nalisogeza. Kila dadu zikitua anauliza, "Zinasemaje?" Namwambia.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hawakuacha. Katika mchezo ule dude halifi kwa pigo moja. Linatobolewa kifua, linakatika mkono, linapata joto mpaka linabidi litulie, linachechemea, na bado liko mezani na bado lina la kufanya. Unakaa unaumiza kichwa, kwa mguu mmoja na bunduki moja utafanya nini, na mara nyingine linapatikana la kufanya. Halafu kuna Babu. Babu ni roboti la mume wangu kutoka sanduku lile la kwanza, ndilo lile la zambarau, zito, la polepole, na kanuni zake hazijabadilika hata kidogo. Anasimama mbele ya roboti lililonunuliwa juzi na anaweza kulipiga. Nyumbani kwangu friji sasa ni ya tatu, Babu ni yule yule. Nikajikuta siku ya Ijumaa, simu zinalia kazini, mimi nawaza Babu apitie wapi kesho.

Basi ikafika ile Jumamosi. Udhaifu wa Babu ni mgongo, bamba lake la nyuma ni jembamba, na Dobi analijua hilo kuliko anavyojua jina la mkewe.

"Pasi amezunguka," nikasoma. "Yuko nyuma ya Babu."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma kabisa. Amemgusa."

Mume wangu akashusha pumzi, akangoja pigo. Dobi akakohoa. "Mimi napiga lile roboti lako dogo pale kilimani," akasema.

Mume wangu akaweka mikono mezani.

"Dobi," mume wangu akasema. "Mgongo umeuona."

"Nimeuona."

"Na hukupiga."

"Nimebadilisha mbinu tu, ndugu yangu."

Mume wangu akanigeukia mimi. "Mke wangu, huyu amebadilisha mbinu mara ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimenyamaza kuhusu zambarau, ningenyamaza na hili. Lakini nilikuwa nimemsomea ubao ule kwa ukweli tangu siku ya kwanza, na nilijua nikimdanganya hapo hatakuwa na pa kusimama tena. "Nyingi," nikasema. "Tangu ulipoanza kuuliza dadu zinasemaje."

Hakufoka. Afadhali angefoka. "Mimi nilidhani nashinda," akasema. "Nilikuwa najiambia, macho yamekwenda, meno yamenishinda, lakini hiki bado nakiweza."

Dobi machozi yalimlengalenga. "Nilikuonea huruma. Nisamehe."

"Huruma wapelekee wagonjwa."

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. "Na wewe ni nani?" nikamwuliza. "Si ndiye mgonjwa anayekataa dawa? Umemkasirikia mwenzako kwa kutokupiga, wewe mwenyewe umekaa kijumba hicho hicho miaka miwili hutaki kusogea."

Akainuka, akaingia karakana, akafunga mlango. Dobi akakusanya vitu vyake, akasahau mwavuli. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilijuta kila neno, kisha nikajutia kujuta. Mume wangu alipotoka alikuwa na vumbi la plasta mpaka kwenye nyusi.

"Jumatatu mpigie yule binti wa macho," akasema. "Mwambie nakuja. Na sitaki mtu anishike mkono."

Siku ya upasuaji nilimshika mkono mpaka mlangoni na hakuutoa.

Dobi alikuja hospitali ameleta nguo za kulalia za mume wangu, amezipiga pasi na suruali ameitia mikunjo. Akakaa kando yangu kwenye benchi. "Shemeji," akasema, "jicho hili likiharibika, mimi ndiye nitakuwa nimelitoa." Nikamwambia anyamaze. Sikumwambia kwamba nilikuwa nafikiri hivyo hivyo kuhusu mimi. Tukakaa tunatazama mlango kama watu waliodhulumiwa na huo mlango.

Kesho yake asubuhi daktari akamketisha karibu na dirisha amfungue bendeji. Nilikuwa na Babu ndani ya mkoba wangu. Nilimchukua nyumbani bila kufikiri, na tangu jana nilikuwa nikimshika humo ndani kwa siri mpaka kidole kikaniuma. Bendeji ikatoka. Mume wangu akafumbua jicho, machozi yakamtoka, akapepesa.

"Mzee, unaona nini?" daktari akamwuliza.

Kimya. Akamwonyesha vidole. Kimya. Nikasema moyoni, basi, nimempofusha mume wangu kwa mdomo wangu. Sikujua la kufanya, nikamtoa Babu, nikamweka kwenye kiganja chake.

Akampapasa kwanza kwa mazoea. Kisha akamwinua kwenye mwanga. Akamgeuza mbele, akamgeuza nyuma. Uso ukaanza kukunjamana.

"Nani amempaka hivi?"

"Wewe," nikasema.

"Mimi?"

"Wewe. Ukasema kijivu kimekubali. Hiyo ni zambarau, baba."

"Najua ni zambarau," akasema kwa hasira. "Naiona."

Nikakaa kitandani kwa mgonjwa mwingine kabisa, nikamwomba radhi, nikalia. Dobi, aliyekuwa mlangoni, akaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyebanwa muda mrefu. Mume wangu akatutazama, mmoja mmoja, taratibu, kama anahakiki mali yake. "Mwaka mzima mmenyamaza," akasema, "mmeniacha natembea na biringanya." Kisha naye akacheka mpaka daktari akamkanya asitikise kichwa. Nakwambia, sijawahi kupumua kama nilivyopumua siku ile.

Hakuwa anaogopa, alinieleza baadaye. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anaona mikunjo kwenye mikono yangu na hakujua imetoka wapi. Nikamwambia imetoka kwake.

Alikatazwa kuinama na kubeba vitu kwa muda, akatii, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kazi ya kwanza aliporudi karakana ilikuwa seti mpya ya yule ajuza. Meno yametoka rangi moja. Ajuza akajitazama kwenye kioo, akasema sasa anaweza kumcheka mtu.

Halafu ikaja Jumamosi. Dobi aliingia na soda na woga. Mimi nikavuta kiti changu pale pale, maana nilikuwa nimeshakizoea. Babu alikuwa bado wa zambarau. Mume wangu alikataa kumpaka upya, alisema mtu akikuudhi kiasi hicho siku unayorudi kuona, unamwacha alivyo.

Walicheza vizuri, na kwa ugomvi. Babu akapoteza mkono. Pasi akapoteza bunduki mbili. Kisha Pasi akazunguka kile kilima cha taya, akaingia kijumba cha nyuma. Nyuma kabisa. Nikaona, Dobi akaona.

Dobi akashika dadu. Hakurusha. Akanitazama mimi.

"Usimtazame huyo," mume wangu akasema. "Nitazame mimi."

Dobi akamtazama. Wakatazamana muda, wazee wawili, juu ya meza yangu ya kulia chakula. Kisha Dobi akarusha.

Dadu zikagonga kilima, zikabiringika, zikatulia karibu na kiwiko changu. Nikafungua mdomo kwa mazoea.

"Kumi na moja," akasema mume wangu kabla yangu. Akamchukua Babu, akamlaza ubavu, taratibu. "Umeniua, ndugu yangu. Vizuri. Haya, tupange upya."

Nikaanza kupanga.