Nilimfundisha Taaka Kuniita Dada

Mtoto wangu alinikana mbele ya umati mzima, maikrofoni iko mdomoni mwake.

Hakukosea. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha.

Naitwa Resty, naishi Busia, upande wa Uganda. Nina miaka ishirini na mmoja. Taaka ana minne na nusu. Piga hesabu, utajua kwa nini niliacha shule.

Mwaka jana nilirudi, masomo ya jioni. Siku ya kwanza tulisimama mmoja mmoja kujitambulisha. Mama mmoja akasema aliacha shule kwa ajili ya mimba. Benchi la nyuma wakachekea mikononi, Edgar akiwaongoza.

Aliyefuata nilikuwa mimi.

Nikasema sina mtoto, ila nalea mdogo wangu. Yalinitoka laini, kama kitu nilichokuwa nimekisema miaka yote.

Basi, Desemba iliyopita Mwalimu Osborn akatupangia safari ya Kampala. Mchana makumbusho, jioni taa za Krismasi, tulale kwenye bweni la shule moja, asubuhi turudi.

Mimi Kampala nilikuwa naisikia tu.

Siku moja kabla ya safari, mama yangu, ambaye ndiye hubaki na Taaka, akaitwa msibani Majanji. Sikuwa na mwingine wa kumwachia mtoto. Ama nimbebe, ama nibaki.

Asubuhi nilipiga magoti kumfunga viatu.

"Taaka, huko tunakoenda tutacheza mchezo. Mimi si mama. Mimi ni Dada Resty. Mama amebaki Busia. Sawa?"

"Na nisiposahau?"

"Utakuwa umeshinda."

Akafurahi. Banange, alivyofurahi!

Kwenye makumbusho yote ilikuwa Dada hiki nini, Dada ngoma hii inapigwa na nani. Kila akiniita ananikonyeza kwa macho yote mawili, maana kwa jicho moja peke yake bado hajui.

Na mimi nilijivunia. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza. Nilijivunia kwamba mtoto wangu anajua kudanganya.

Jioni ikafika.

Sisi wa Busia, taa nyingi tunazozijua ni za malori yaliyopanga foleni kuvuka mpaka. Zile za Kampala zilikuwa kitu kingine. Miti imeviringishwa kuanzia shinani hadi kwenye vijitawi, buluu na dhahabu. Nyota kubwa zinaning'inia juu ya barabara. Taaka akaniuliza ni nani huwa anazima zote hizo, na kama mtu huyo huwa halali usingizi.

Kwenye bustani moja kulikuwa na jukwaa na kikundi cha ngoma za asili. Mshereheshaji alikuwa anawapandisha akina mama na watoto wao wacheze pamoja.

Wakapiga ngoma yetu ya Kisamia. Mabega ya Taaka yakaanza yenyewe.

Mshereheshaji akamwona. Kabla sijafikiri, akamwinua hadi jukwaani. Akamsemesha Kiganda, mtoto anamtazama tu. Akajaribu Kiswahili cha kuokoteza.

"Mama yako iko wapi?"

Taaka akanitafuta kwenye umati. Akanipata. Akanikonyeza kwa macho yote mawili.

"Mama alibaki Busia. Yule ni Dada."

Watu wakamwonea huruma, nilisikia "aaa" ikipita kama upepo. Yule bwana akainama.

"Kwa hiyo hapa hakuna mama yako kabisa?"

"Hakuna."

Nilikuwa hatua nne kutoka jukwaani. Ningeinua mkono tu, yangekwisha.

Lakini Edgar alikuwa kando yangu, anarekodi kwa simu.

Mkono wangu ukabaki umeshika mkoba.

"Haya, nani atatuazima mama?" mshereheshaji akauliza, watu wakacheka.

Akapanda Mable.

Mable tunakaa dawati moja. Ni wa Iyolwa, kule Tororo, maneno mengi, mtu wa raha zake, na hana mtoto. Ndivyo nilivyomjua. Akampakata Taaka kiunoni, mkono mmoja mgongoni, wakacheza. Umati ukapiga makofi.

Na mimi nikapiga.

Nilimpigia makofi mwanamke mwingine kwa kuwa mama wa mtoto wangu.

Bwenini Taaka alininong'oneza, "Nimeshinda?" Nikamwambia ameshinda. Nikageukia ukutani asinione.

Asubuhi, njiani kurudi, basi likasimama Namawojjolo. Wauzaji wakakimbilia madirishani na kuku wa vijiti. Wengi wakashuka. Mimi nilibaki, Taaka amelala mapajani mwangu. Mable akaja akakaa.

"Huyu ni wako," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikaanza ile ya mdogo wangu.

"Resty, acha. Jana mimi ndiye nilimbeba, lakini macho yake yalikuwa kwako tu."

Yeye akaendelea, taratibu, si kama Mable ninayemjua.

Ana mvulana, Owori, miaka minane. Yuko Iyolwa kwa bibi yake. Tangu mwanzo walikubaliana aitwe kitinda mimba wa bibi, ili Mable asiharibikiwe. Pasaka iliyopita alimkalisha chini akamwambia ukweli.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alicheka. Akaenda kumwambia bibi kwamba Mable siku hizi anadanganya."

Nilimtazama Taaka. Mate yamemtoka kidogo kwenye sketi yangu.

Watu wakarudi. Mwalimu Osborn akasimama mbele kuhesabu. "Thelathini na mmoja, na mdogo wake Resty."

"Mwalimu." Niliinua mkono. "Si mdogo wangu. Ni mtoto wangu. Nilimzaa mimi."

Edgar alicheka pumzi moja. Hakuna aliyemfuata. Akarudi kwenye kuku wake.

Mwalimu akanitazama kidogo. "Basi thelathini na mmoja na mtoto wa Resty," akasema. "Dereva, twende."

Mable hakusema la kwake. Alinishika goti tu. Haya nayaandika kwa ruhusa yake, na majina yake na ya mwanawe nimeyabadilisha.

Ningependa kukwambia yaliishia hapo. Hayakuishia.

Taaka aliendelea kuniita Dada mpaka katikati ya Januari. Nikimwambia mchezo umekwisha, anakubali, halafu kesho tena. Mpaka leo, tukiwa na wageni, akitaka kuniita husita. Anazungusha macho chumbani kwanza.

Mimi huacha ninachofanya, namwita mbele yao: njoo kwa mama.

Anakuja. Kila siku anakuja haraka kidogo kuliko jana.

Masomo naendelea nayo, na sijafukuzwa na mtu. Wewe unayemficha wako ili watu wasikucheke, kicheko cha Edgar kilikuwa pumzi moja tu. Mtoto hapaswi kuangalia kwanza nani yupo ndipo aseme Mama.