Bango la Kwa Mpishi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Kengele anashika nyundo na kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni mwa stesheni. Anagonga mara tatu, anatulia, halafu mara moja zaidi. Jirani yake muuza chai anabandika birika. Treni imeshaondoka kituo cha jirani.

"Kengele ya dukani ililetwa, ikaibiwa ndani ya wiki," anasema, akicheka hadi mabega yanatikisika. "Hii nani ataibeba? Uzito wake tu ni adhabu tosha."

Mhudumu huyu wa stesheni ana miaka hamsini na sita. Kumi na tisa ameimalizia hapa, akifagia jukwaa na kufunga geti kila treni inapopita. Na kila mwaka, kabla ya mvua, hupanda ngazi kupaka upya herufi nyeusi za bango: KWA MPISHI. Rangi hununua mwenyewe.

Mpishi huyo ni babu yake mzaa mama.

Alikuwa akiwapikia vibarua waliotandika reli. Kambi ikihama, naye alibeba masufuria akahama. Siku moja nyapara alitangaza safari maharage ndiyo kwanza yanaanza kuchemka.

"Tangulieni, yakiiva nawafuata," mpishi akawaambia.

Kabla hayajaiva, mkewe akashikwa na uchungu. Mtoto wa kike akazaliwa pembeni ya mafiga. Vibarua walilala njaa siku ile, na inasemekana walimlaani hadi wakachoka. Mpishi hakuwafuata tena.

"Kipande hiki ndicho alichokuwa akiwagongea waje kula," anasema Mama Kengele. "Treni zilipoanza kupita, madereva wakawa wanasimama hapa. Wakiulizwa mmekula wapi, jibu ni hilohilo: kwa mpishi. Likaja duka, zikafuata nyumba. Hakuna aliyekaa kikao kuupa mji jina."

Sasa kikao kimekaa. Mwezi uliopita liliteremshwa hapa bango jipya la bati, pamoja na barua: vituo vyote vidogo vitaitwa kwa namba. Hiki ni Kituo Namba Kumi na Nne. Wa kulishusha bango la zamani ni Mama Kengele mwenyewe, kwa mkono uleule unaolipaka rangi. Ukimtazama akiisoma barua hiyo, roho inauma.

Mkuu wa stesheni, kijana mpole, naye amebanwa. "Mama, ili waliache jina hili, wakubwa wanataka ushahidi wa maandishi," anasema. "Mimi niwapelekee nini, maharage?"

Maandishi Mama Kengele hana. Ana mama yake. Yule mtoto wa mafigani sasa ni bibi wa miaka themanini na moja, macho hayaoni tena, na anaishi hatua mia mbili kutoka relini. Asubuhi hii amekaa kizingitini, uso ameukunja.

"Leo umechelewa kugonga," anamkaripia bintiye.

"Jamani mama, dakika moja tu!"

"Kwani dakika moja si kuchelewa?"

Ijumaa mkaguzi wa reli atafika kwa treni ya asubuhi, kuhakikisha bango limebadilishwa. Mama Kengele amepanga kumleta mama yake jukwaani na kumkalisha kitini, chini ya bango la zamani. Lile jipya liko stoo, limegeuziwa uso ukutani.

"Amri sikatai," anasema taratibu, nyundo ikiwa bado mkononi. "Nitamwomba mkaguzi kitu kimoja tu. Mama yangu na mji huu walizaliwa siku moja. Wamwache amalizie siku zake Kwa Mpishi. Nisije nikamzika mama yangu kwenye namba."