Aliyoyasema Katikati ya Chenga

Nimesikia filamu nyingi kuliko nilizoziona. Kibanda changu cha ushonaji pale Kikuyu, Dodoma mjini, kiliegemeana na banda la video la mdogo wangu, na kati yetu palikuwa na ukuta wa bati tu. Yeye alikuwa mtafsiri wa muvi. Kwa asiyeijua kazi hiyo, ni hivi: filamu inakuja kwa lugha za watu, mtafsiri anakaa na kompyuta na maiki, anazipunguza sauti za wenyewe, kisha anawasemea wote kwa Kiswahili, peke yake. Mdogo wangu alikuwa polisi na jambazi, bibi harusi na mama mkwe, mtoto na jini. Mimi huku napinda pindo za sare za shule, nasikia sauti moja ikigombana yenyewe.

Zilizojaza banda kuliko zote zilikuwa filamu za maiti wanaotumia vyombo vya umeme. Simu ya mtu aliyezikwa inapiga. Runinga iliyochomolewa inajiwasha na kuonyesha chenga, zile nukta za mahali pasipo na stesheni, na ndani ya chenga unatokea uso. Kinasa sauti kinaachwa kwenye chumba kitupu, kikifunguliwa kina maneno. Sikuzipenda, na si kwa woga, ni kwa hasira. Watu wa filamu hizo wana kosa moja lile lile: wanajibu. Redio inaita "Mama", na badala ya kuitumbukiza chooni, mama mtu anaitika. Kuanzia hapo kila mwenye akili anajua nyumba ile imekwisha.

Kabla hajarekodi, mdogo wangu alikuwa akiijaribu tafsiri yake kwa watazamaji waliomo bandani. Nikichoka kusikia ujinga nilikuwa nagonga bati kwa mkasi na kupaza sauti: "Mwambie asijibu." Naye, bila kusimamisha picha, aliniingiza humo humo: "Fundi nguo wa jirani anasema usijibu, mama. Ila wewe hushauriki." Banda zima lilicheka, na wateja wangu walicheka pia. Nilijifanya nimekasirika, lakini siku ambayo hakuniingiza niliona amenisahau.

Sisi ni Warangi wa Chemba. Baba alifariki tukiwa wadogo, mama akatulea kwa uwele na alizeti na maneno machache. Mdogo wangu aliugua ugonjwa wa picha tangu utoto. Siku za mnada alikuwa akienda kuchungulia runinga kwenye duka moja la senta, na mara moja akarudi giza limeshaingia na mlango umeshafungwa. Mama alimuuliza kutoka ndani, kwa lugha yetu, "Umekula?" Naye, nje, alijibu, "Nimekula." Alikuwa hajala. Aliogopa kumwamsha mtu aliyelima kutwa aje kuwasha moto upya. Mama akasema, "Sauti hiyo haijala," ndipo tukasikia komeo likivutwa.

Sijui mama alisikia nini kwenye sauti ile. Nililala pale pale, nikasikiliza maneno yale yale, na kwangu yalikuwa maneno ya mtu aliyeshiba. Yeye hakukosea hata siku moja. Hata tulipohamia Dodoma mjini na kuzungumza naye kwa simu, mdogo wangu alianza hivyo hivyo, kabla ya salamu: "Mama, nimekula. Shikamoo." Wakati mwingine mama alikubali. Wakati mwingine alisema sauti hiyo haijala, na mdogo wangu akanitazama akicheka, kwa sababu kweli tulikuwa hatujala.

Kazi yake mama hakuielewa. "Kazi gani hiyo," aliniuliza, "ya kuwasemea watu waliokwisha kusema?" Hakuwahi kuangalia filamu yake hata moja.

Kisha sauti ya mdogo wangu ikaanza kukwaruza. Tulisingizia vumbi, maana upepo wa kiangazi wa Dodoma unasingiziwa mengi. Tukasingizia maiki, tukasingizia maji ya baridi. Akanywa tangawizi, akalamba asali. Katika hali hiyo akaifanyia kazi filamu moja ya redio, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Mama mmoja wa Kizungu amefiwa na mtoto wake wa kiume. Ananunua redio kuukuu, anaizungusha mpaka mahali pasipo na stesheni, na kwenye mkwaruzo wake anamsikia mtoto. Anajibu, bila shaka. Mengine unaweza kuyakisia.

Kilichonishangaza siku hiyo, nikiwa nyuma ya bati, ni kwamba maiti alianza kuongea Kirangi. Watu wote wa filamu ile walikuwa wakiongea Kiswahili safi, lakini redio ilipofunguka, ikatoka lugha ya kwetu, kwa sauti iliyokauka: "Mama, nimefika. Usiamke. Nimekula." Warangi wachache waliokuwamo bandani waliguna. Waliobaki, Wagogo na wanafunzi wa chuo na wapita njia, wakanyamaza kabisa. Hawakuelewa neno, na walikuwa wanaogopa kweli.

Baadaye nikamsema. "Unatisha watu wazima kwa habari za chakula?"

"Dada, Kiswahili ni lugha ya dukani," akanijibu, akikohoa. "Maiti akiongea Kiswahili watu watafikiri anataka vocha. Aongee ya kwao."

"Na hayo maneno ndiyo yaliyomo kwenye filamu?"

"Ndiyo yaliyonijia."

Watu walimsifu. Walisema safari hii maiti amempatia, sauti ile ya kukwaruza ameitoa wapi. Alitabasamu tu. Mimi nilikuwa bado sijajua kwamba ugali ulikuwa haupiti tena, kwamba alikuwa akinywa uji mwepesi nyuma ya banda, akiuziba mdomo kwa kitambaa ili nisione anavyohangaika kuumeza.

Hospitali walisema ni uvimbe kooni, na kwamba tumechelewa. Ulipoanza kumziba pumzi wakamtoboa njia ya hewa shingoni. Mtu aliyewasemea watu wote akawa hana sauti. Alikuwa akinitazama, anafungua mdomo, unatoka mkwaruzo wa hewa tu.

Mama wakati huo alikuwa amevunjika mguu, amefungwa hogo la plasta, hawezi hata kufika barabarani kupanda gari. Alipiga simu. Nikaiweka sikioni kwa mdogo wangu, nikafungua sauti ili nami nisikie. Mama alimuita kwa jina lake la utotoni. Alimuuliza kama amekula. Kutoka upande wetu ukaenda ule mkwaruzo, hewa ikiingia na kutoka kwenye shimo la shingo, na hakuna kingine. Mama akasubiri. Sikuweza kuuvumilia ukimya ule, nikasema, "Mama, anakuamkia. Anasema shikamoo." Mama akachelewa kidogo. "Marahaba," akasema.

Mdogo wangu alifariki wiki hiyo hiyo. Tukampeleka Chemba, akazikwa kando ya kaburi la baba.

Baada ya khitma nilirudi mjini kwa cherehani yangu, na upande wa pili wa bati pakawa kimya. Nilikuwa nikishona, nasimama, nasikiliza. Siku moja, mimi niliyewacheka watu wa filamu, nikapiga namba yake. Mwanamke wa mitambo akaniambia mteja hapatikani kwa sasa. Lile "kwa sasa" liliniudhi kuliko yote, nikamtukana yule mwanamke wa watu asiye na hatia, kisha nikalia mpaka mteja aliyeleta gauni akaliacha mezani na kuondoka taratibu.

Kutoka Chemba, habari zilikuwa mbaya. Baba yetu mdogo alinipigia akasema mama hali. Chakula kinapelekwa na kurudi kama kilivyokwenda. Kila anayekuja kumpa pole, mama anamuuliza swali moja: "Alisema nini mwisho?" Watu wanamjibu kwamba alimwamkia, kwani hivyo ndivyo nilivyowaeleza. Mama anatikisa kichwa. "Ile shikamoo ilikuwa ya dada yake," anasema. "Yeye angeanza na kula."

Niliposikia hivyo nikakumbuka filamu ya redio. Nilikuwa nayo kwenye kompyuta yake, pamoja na kazi zake zote, lakini kuna jambo nililotaka kulijua kwanza. Nikamuomba mwanafunzi mmoja wa chuo, mteja wangu, anitafutie ile filamu kama ilivyotoka kwa wenyewe, isiyotafsiriwa. Akaipata. Tukaiangalia kwenye simu yake, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Mama wa Kizungu akazungusha redio. Redio ikakwaruza. Ikakwaruza tena, kwa muda mrefu, na yule mama akalia na kuitika kana kwamba ameitwa. Nikamuuliza mwanafunzi, "Hapo redio inasemaje?"

"Haisemi kitu, mama. Ni chenga tu. Yule anajisikilizia mwenyewe."

Kesho yake nikaibeba kompyuta, nikapanda basi la Chemba.

Baba mdogo alinipokea mlangoni. Nilipomweleza nilichokuja nacho, uso ukamkunjamana. "Marehemu anaombewa dua," akasema. "Hasemezwi."

"Sikuja kumsemesha, baba. Nimekuja mama amsikie."

"Na yeye akijibu?"

Nikampita na kompyuta yangu, nikaingia ndani. Kujibu ndilo kosa lile lile nililokuwa nikiligongea bati.

Mama alikuwa amekaa mkekani, mguu ameunyoosha, mkongojo pembeni. Alikuwa amekonda hata nikaogopa kumkumbatia kwa nguvu. Jua lilikuwa bado kali nje, kuku wanapekuapekua kizingitini. Hapakuwa na kitu cha kutisha popote. Nikaiweka kompyuta juu ya kigoda, nikaipeleka filamu mpaka pale kwenye redio, nikaachia.

"Mama, nimefika. Usiamke. Nimekula."

Mama hakushtuka. Aliinamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akasikiliza. Akaniomba tena, na safari hii akafumba macho.

Nikamwambia, "Mama, kwenye filamu yenyewe hapo hapana maneno. Nimeiona. Redio inakwaruza tu, hakuna anayesema. Hayo ameyaweka mwenyewe."

"Hakuna aliyemwambia ayaseme?"

"Hakuna."

Akafumbua macho. "Alikuwa ameshaanza kuumwa?"

"Alikuwa ameshaanza."

"Alikuwa anakula?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Neno lilikuwa karibu, jepesi, kama ile shikamoo. "Uji tu, mama," nikasema. "Na uji wenyewe ulimshinda."

Kwenye kompyuta picha ilikuwa imesimama pale pale, yule mama wa watu ameshika redio yake. Mama yangu akanyoosha kidole, nami nikairudisha kwa mara ya mwisho. Mdogo wangu akasema, kwa sauti iliyokauka, kwamba amefika, mama asiamke, amekula.

"Sauti hii haijala," mama akasema.

Alimjibu. Baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aligeuka akaenda nje, na nikasikia akipenga kamasi uani.

Mama akaomba mkongojo. Nikataka kumsaidia, akanisukuma mkono. Akajikokota mpaka jikoni, akapuliza makaa, akabandika maji. Alisonga ugali wa uwele akiwa amekaa, mguu mbovu kaunyoosha pembeni ya moto, machozi yakimtiririka na hayafuti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu tuzike. Akapakua na mlenda kwenye sahani ya bati aliyoitumia mdogo wangu utotoni, akaja kuiweka mkekani, pamoja na maji ya kunawa. Kisha akakaa akiutazama mlango.

Tulikaa hivyo. Mvuke ukapungua juu ya ugali, ukaisha. Nilijua anangoja nini, na nilijua naye anajua kwamba hakitatokea. Sijawahi kuumia moyo namna ile, hata siku ya kuzika.

Mwishowe akaisogeza sahani kwangu. "Kula wewe," akasema. "Mimi nimekula."

Nilimtazama. Miaka yote ile sikuwahi kusikia alichokuwa akikisikia, lakini siku hiyo nilikisikia, wazi kabisa.

"Sauti hiyo haijala, mama," nikamwambia.

Akavuta bakuli la maji, akanawa, akanipisha na mimi ninawe. Tukala sahani moja, ugali wa mtu mwingine, mpaka ukaisha.