Beseni la Mwingereza

Nikisikia kile kicheko cha televisheni, cha watu wasioonekana wanaomcheka mtu aliyeteleza, huwa nazima. Wajukuu wananiita bibi mkali. Waache waniite. Nyinyi nitawaambia sababu.

Kijiji chetu cha Kirushya kilikuwa kimehamishiwa juu, kando ya barabara, kwa amri ya Ujamaa. Migomba na chemchemi vikabaki bondeni. Baba alikuwa hajarudi kutoka vitani, na mwenyekiti wa kijiji, akijua mama hana wa kumtetea, akampa kazi ya kumtekea maji Mwingereza aliyekuja kutufundisha Kiingereza.

Mwingereza huyo hakuliweza jua la kiangazi, jua lile lile tuliloanikia maharage. Ikifika saa saba mchana amekuwa mwekundu kama nyanya. Hapo alipiga leso mafundo kwenye pembe zote, akaivaa kichwani, akakunja suruali na kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji, huku akinywa chai inayofuka mvuke. Chai ya moto, kwenye jua lile! Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akatuongezea: anajifanya kuzimia, anafufuka, analipigia beseni saluti. Nilimpenda, siwafichi. Hatukuwahi kumwona mtu mzima anayejifanya kituko mbele ya watoto.

Siku moja mama alikuwa anaingia uani kwake na mtungi kichwani, akateleza kwenye changarawe. Mtungi ukavunjika, maji yakanywewa na vumbi, goti likatoka damu. Mwingereza aliruka kutoka kitini, nikadhani anakwenda kumwinua. Wapi! Alijitwika beseni, akatembea akijitikisa, kisha akajibwaga chini pwaa, maji yote yakammwagikia. Watu waliokuwa uani wakaangua kicheko. Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja kumjulia hali mgeni wake, alijishika tumbo. Mama naye, akiwa bado chini, akacheka.

"Mnacheka nini?" nikapiga kelele. "Mwinueni mama yangu!"

"We mtoto, adabu!" mwenyekiti akanifokea. "Mgeni anatuchekesha."

"Nyamaza, mwana wanje," mama akaniambia, yaani mwanangu kwa kilugha chetu, akijipangusa goti kwa kanga. "Mgeni hanuniwi."

Ukubwani nilifanya kazi na Waingereza, nikawajua. Kwao, mtu akianguka mwenzake humwondolea aibu kwa kujiangusha naye. Kumbe bwana yule alidhani anamtendea mama wema. Nimeelewa, ila hasira haijapoa. Wema wake ulimwaga maji yote ya siku ile, ya mtungi na ya beseni, na hakuna hata mmoja kati ya waliocheka aliyeuliza nani atayateka mengine.

Aliyeyateka ni mama. Aliazima ndoo kwa jirani, akateremka tena bondeni akichechemea, akiwaitikia watu kwa tabasamu njia nzima. Mimi nilimfuata nyuma. Tulipoipita nyumba ya mwisho ndipo nilipomsikia analia.