Kitambaa Kwenye Mfereji wa Paa

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya hayakumtokea binamu wa jirani yangu. Yalinitokea mimi, mchana, nikiwa nimekunywa chai tu, nje ya nyumba yangu mtaani Umoja, Nairobi.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa karani, na nilikuwa nimenunua gari kuukuu kutoka kwa mjane mmoja wa mtaa wa Tena, Mama Kioko. Lilikuwa na kioo cha kufunguka paani. Unajua maana ya kioo hicho kwenye mitaa yetu ya Eastlands? Hakuna harusi niliyoachwa nje. Mpiga video alisimama katikati ya gari, kichwa nje, akinasa msafara mzima mpaka kanisani.

Shida ilikuwa mvua. Kila ikinyesha, maji yalinidondokea begani. Fundi wangu alikuwa Wafula, na tulikuwa chanda na pete. Ndiye aliyenisimamia harusi yangu. Alilijua gari hilo tangu enzi za marehemu Mzee Kioko. Alipaka gundi kuzunguka kioo mara tatu, mara nne, na maji yakazidi.

"Bro, hii gari iko na mkosi," aliniambia kila mara. "Niuzie tu, mimi ndio nitaiweza."

Nami nikamwonea huruma kwa kuhangaika. Mjinga mimi!

Sasa dada yangu Mumbua alikuwa aolewe Jumamosi, na gari hilo ndilo lingembeba. Ijumaa saa tisa mvua ikamwagika. Nilikuwa ndani nikifuta viti, nikiwazia gauni lake jeupe, nilipomwona mzee nisiyemjua, wa koti la kaki, dirishani. Mvua ilikuwa kubwa, lakini koti lake lilikuwa kavu. Kavu kabisa, niamini.

"Wacha kupaka gamu, kijana," akasema. "Hapo juu maji lazima iingie kidogo. Iko na mifereji yake, kila pembe moja, inashuka mpaka chini ya gari. Fungua umwage maji, utaona."

Mvua ilipopungua nikafungua kioo, nikamwaga kikombe cha maji kila pembe. Pembe tatu ziliyameza, nikasikia yakidondoka chini. Ya nne, juu ya kiti changu, yalisimama. Mzee akaniambia nichukue waya wa breki ya baiskeli, niupinde ncha, nichokore polepole nisitoboe bomba la mpira la mfereji. Nikavuta. Kikatoka kitambaa kilichosokotwa kikakazwa.

Nilikikunjua. Kijani, mistari ya manjano. Ilikuwa tai. Tai hizo zilishonwa mbili tu kwa harusi yangu: yangu, iliyo kabatini hadi leo, na ya msimamizi wangu.

"Mimi aliniwekea soksi," mzee akasema.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa Mama Kioko, maana kabla yangu gari lilikuwa la mumewe. Picha ya Mzee Kioko ilikuwa ukutani, uso ule ule, amevaa koti lile lile la kaki. Mama Kioko akaniambia walimzika nalo. Akaniambia pia kwamba Wafula alimsihi mumewe miaka miwili amuuzie gari hilo lenye mkosi, na mzee alipofariki, akaja kumsihi yeye.

Kutoka hapo nilimwendea Wafula, nikaiweka tai mbele yake. Unadhani aliniomba msamaha?

"Ni nani alikuonyesha?"

"Mzee Kioko."

Spana ikamponyoka mkononi. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Mtu huyo alikula kwangu kila Jumapili, na mwanangu alimwita ankoli.

Jumamosi ilinyesha tangu asubuhi. Mumbua alishuka kanisani mkavu. Wafula hakuja, wala hajakanyaga kwangu tena mpaka leo.

Siku hizi fundi akiligusa gari langu nasimama juu yake mpaka amalize, hata kama ni mtu mwema. Huo ndio ugonjwa alioniachia Wafula. Yule mzee hakunitisha hata kidogo. Maiti alinitendea utu kuliko rafiki.

Nawe mwenye gari la kioo paani, kabla ya masika mwaga kikombe cha maji kila pembe. Yasiposhuka, usikimbilie gundi. Chukua waya, uchokore. Ila kabla ya kuvuta, keti kwanza, maana huenda kitambaa hicho unakijua.