Bosi Asiyejulikana Kwao

Biasha, muuza mawese wa Rumonge, alikuwa na mpangaji aliyemshinda kumwelewa. Exaucé alitoka Uvira na kompyuta yake, akakaa Muhuta mwezi, Minago mwezi, kisha akapanga kwake, akifuata mtandao kama wavuvi wanavyofuata ndagala. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kutwa sauti za watu kwenye kompyuta na kuziandika.

“Bosi wako ni wa wapi?” Biasha alimuuliza.

“Sijui, mama. Mwaka wa pili huu, sijawahi hata kumpa mkono.”

“Basi huyo ni jini! Hutumikii mtu usiyemjua kwao.”

Asubuhi moja bosi alipiga simu ya video. Biasha akajipenyeza mbele ya kompyuta na chupa ya mawese, maana hakuna anayekwenda kujitambulisha mikono mitupu. “Muulize anakaa kwa nani, na kama amekula.”

Exaucé akatafsiri huku anaona aibu. Bosi akacheka, akageuza kompyuta yake amwonyeshe mwenye nyumba wake. Mlangoni kwake alisimama bibi kizee ameshika sahani ya chakula, naye anachungulia. Kumbe bosi naye ni mpangaji!

Bibi akainua sahani. Biasha akainua chupa.

“Haya, fanya kazi,” akamwambia Exaucé. “Sasa nimejua kwao.”