Babu Aliyemwamsha Mfalme

Kitabu cha historia cha darasa la sita kinataja sababu tano za mapinduzi yetu: kodi, vita, njaa, na mbili ambazo zilinitoka kichwani kwenye mtihani. Nikaandika ya sita, kwamba mkunga alikuwa anakaa ng'ambo ya lango la mji. Mwalimu akaikata kwa wino mwekundu. Simlaumu, maskini, hakumjua babu yangu mzaa mama.

Babu alikuwa mpiga kengele wa mji. Alikaa na bibi katika vyumba viwili chini ya mnara, na kamba ya kengele ilishuka kupitia tundu la dari ikaning'inia sebuleni, kati ya kabati la vyombo na kiti chake. Bibi aliisukuma pembeni kila alipofagia. Sheria ilikuwa moja tu: asubuhi haianzi mpaka mfalme aamke. Kabla ya kengele hakuna kufungua lango, wala duka, wala mlango wa nyumba. Basi babu alikaa dirishani na darubini yake ya shaba, akilitazama pazia jekundu la chumba cha mfalme. Likifunguliwa, anavuta kamba. Miaka ishirini na miwili hakukosea hata mara moja, na usingekaa naye dakika tano bila kuambiwa hivyo.

Mfalme alipokuwa kijana aliamka na jua. Lakini mtu ambaye hakatazwi kitu, hata usingizi wake hunenepa. Ikawa saa mbili, ikawa saa nne, ikawa karibu na adhuhuri. Maziwa yaliganda kwenye ndoo yakisubiri lango. Vibarua walifika kazini jua likiwa utosini, wakafukuzwa kwa kuchelewa. Wagonjwa walilala nje ya lango, na wengine hawakuwahi kuingia. Watu walimchukia mfalme kimoyomoyo na babu waziwazi, kwa kuwa babu ndiye waliyekutana naye dukani.

"Mzee, leo umetuweka tena," alisema jirani yake, mwoka mikate, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo.

"Si mimi, ni pazia."

"Na wewe kazi yako nini?"

"Mimi ni wa kamba tu," babu akajibu, na nahisi alijiona amejibu vizuri sana.

Kisha mama yangu, binti yao wa pekee, akaja kujifungulia kwao. Uchungu ulimshika kulipopambazuka. Nakiri nilikaa vibaya: miguu mbele, kama mtu anayejaribu maji ya baridi. Bibi alimpapasa akajua jambo hili limemzidi. Mkunga alikuwa mwendo wa dakika kumi, na lango limefungwa. Mfalme naye alikuwa ametoka kwenye karamu ya siku tatu. Jua likapanda, pazia halikutikisika.

"Mume wangu, vuta kamba," bibi akasema.

"Pazia bado."

"Mwanao anatoka damu!"

"Subiri kidogo, naona kama limecheza."

"Huo ni upepo! Weka hilo dude chini umtazame mwanao!"

Babu akaweka darubini chini, akamtazama. Mama alikuwa ameacha kupiga kelele, na hapo ndipo babu alipoogopa kweli, kuliko alivyowahi kumwogopa mfalme. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akafumba macho, akavuta.

Lango likafunguka. Mkunga akaja mbio, akanigeuza, nikatoka nimekaa kimya, halafu nikakumbuka kulia. Mama akapona. Huko nje watu walisimama barabarani wakipepesa macho, maana wengine hawakuwa wameliona jua la asubuhi wakiwa nje kwa miaka. Mikate ilikuwa ya moto. Maziwa yalikuwa maziwa.

Mfalme, aliyekurupushwa na kengele, akatoa amri: asubuhi hii imefutwa. Kila mtu arudi ndani akalale, kengele itapigwa upya, na mpiga kengele aletwe amefungwa.

Kodi walikuwa wamelipa. Vitani walikuwa wamekwenda. Kwa njaa walikuwa wamekaza mikanda. Lakini kuambiwa urudi kitandani ukiwa na mkate wa moto mkononi! Askari walipofika mlangoni kwa babu walimkuta mwoka mikate, na nyuma yake mtaa mzima.

"Huyu haendi popote," akawaambia. "Na sisi hatulali."

Kufikia jioni mfalme alikuwa safarini kwenda kwa shemeji yake nchi jirani. Nasikia alisinzia njia nzima.

Kamati mpya ikamwachia babu kazi yake. Apige kengele asubuhi, basi. Siku ya kwanza akaketi na darubini, akalikodolea macho dirisha la mfalme lililobaki tupu, kamba mkononi. Hakuweza kuvuta. Mwisho akaigeuza darubini hadi ng'ambo ya barabara, kwa mama, aliyekuwa amerudi kwa mumewe. Pazia la maua likafunguliwa nilipoamka. Babu akavuta.

Hivyo ndivyo mji huru ulivyoishi miezi sita, ukiamka nilipoamka mimi. Hakuna aliyeuliza, walishazoea kusubiri. Mpaka usiku mmoja nikasumbuliwa na jino, nikalala hadi saa nne. Mwoka mikate akaingia kwa babu bila hodi, akachungulia kwenye darubini.

"Mzee! Tumemwondoa mmoja, umetuwekea mwingine asiye na meno?"

"Analo moja," babu akasema. "Limetoka leo."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nitajuaje kama kumekucha?"

Hakuwa anatania, na mwoka mikate akaona aibu ya kucheka. Akatazama huku na huku chumbani, akashika upande mmoja wa kabati la vyombo. Babu akashika mwingine. Wakalisogeza, vikombe vikigongana. Nyuma yake palikuwa na dirisha la mashariki, lililozibwa tangu babu alipopewa nyumba. Jua likaingia mpaka kwenye kiti chake.

Kesho yake kengele ilipigwa mapema. Mama anasema nililia sana, na mji haukunisubiri.